Homa Iliyoitwa ya Kawaida

Siku hiyo fundi wa mageti alizima mashine yake ya kuchomelea mapema. Gari la matangazo la kituo cha afya lilikuwa limepita. Mlipuko wa kipindupindu ulikuwa umeingia mtaa wa pili.

"Chemsha maji yote ya kunywa," alimwambia mkewe. "Na sabuni ikae pale mlangoni."

"Sawa, Baba Kibibi. Lakini mtoto mwili unamchemka."

"Anaharisha?"

"Hapana. Anatetemeka tu."

"Basi ni malaria. Si hata wale wa gari wamesema malaria hapa ni ugonjwa wa kawaida? Tupambane na huo mlipuko kwanza."

Kibibi akapewa vidonge vya maumivu vilivyobaki kabatini. Kesho yake akapatwa na degedege. Fundi alimbeba mgongoni, mbio hadi kituo cha afya.

Kibibi alipona homa, lakini hakusikia tena.

Muuguzi alimkuta fundi kwenye benchi la nje, kichwa kainamisha.

"Dada, mlisema ni ya kawaida," fundi alisema.

Muuguzi akakaa kando yake. "Kaka yangu, maneno hayo yanaeleza ugonjwa umeenea vipi. Hayasemi ni mkali kiasi gani. Malaria ni ya kawaida kwa sababu hapa ipo miaka yote. Mtaa wa pili haukuwa na kipindupindu, ghafla watu wakaanza kuugua. Huo ni mlipuko. Ukisambaa na kuzoa watu wengi mkoa hadi mkoa, tunauita janga. Ukivuka mipaka ukazunguka nchi nyingi, hilo ni janga la dunia."

"Kumbe wa kawaida nao unaua."

"Unaua sana. Mtoto akipata homa, mlete apimwe siku hiyohiyo." Muuguzi akashusha pumzi. "Na sisi tulipaswa kulieleza vizuri zaidi kwenye lile gari."

"Laiti ningemsikiliza mke wangu," alisema fundi.

Alinunua vyandarua, akavitundika mwenyewe. Maji waliendelea kuchemsha. Mvua zilipoanza, mdogo wake Kibibi alishikwa na homa. Fundi aliacha geti nusu, mteja akinung'unika, akampeleka mtoto. Alipimwa, akakutwa na malaria, akamaliza dawa zote. Haukupita muda akawa anakimbizana na kuku uani.

"Kibibi!" fundi aliita kwa furaha. "Njoo umwone mdogo wako!"

Kibibi aliendelea kumenya viazi, kampa mgongo. Fundi akamwendea, akamgusa bega taratibu.