Soksi Kwenye Kengele

Nawatega, wajukuu zangu, nanyi msijibu upesi: nina mlinzi wangu, akipiga kelele nyumba nzima yamkemea, akinyamaza nyumba nzima yalia. Shikeni jibu mdomoni, tutalikuta baharini.

Meli ilikuwa ndogo, ya kubeba saruji. Ndani yake walikuwamo watu watatu wakifanya kazi ya watu sita, maana mwenye meli alikuwa amewapunguza. Nahodha, wenzake walimwita Bwana Kesho, kwa kuwa kila jambo kwake lilikuwa la kesho. Kulikuwa na fundi wa injini, na mjomba wake fundi, mzee mwenye maneno, ndiye mpishi. Siku ya nne ya safari hakuna aliyekuwa amelala hata saa tatu mfululizo.

Asubuhi hiyo mpishi alikuwa anakoroga uji alipoona maji yanapanda kizingiti cha jiko, polepole, kama mgeni asiyebisha hodi. Kabla hajaita, meli ikalala ubavu. Uji ukamwagika, naye akatupwa juu ya meza ya chuma, mbavu zikaalika. Fundi akamburuta hadi kwenye boti la mpira. Nahodha akaruka wa mwisho. Redio ilizama bila kusema neno. Saruji haiogelei; kufumba na kufumbua, bahari ilikuwa tupu.

Botini mlikuwa na chupa sita ndogo za maji, kopo la kukumbia maji na kioo cha kuitia msaada.

"Kengele ya ngama haikulia," nahodha alisema. Ngama ndilo tumbo la meli, chini ya injini. Maji yakijaa humo, kengele hulia.

"Ingelia vipi," fundi akajibu, "na nimeisokomeza soksi?"

"Soksi?"

"Si uliniambia niinyamazishe, ulale?"

"Soksi yenyewe ni yangu," mpishi alisema, akainua mguu uliokuwa mtupu. "Nilimwazima. Nilijua haitarudi, ila sikujua itakwenda mbali hivi."

Sikio la kufa halisikii dawa, na lao walikuwa wameliziba kwa mikono yao.

"Ilikuwa mbovu ile," nahodha akasema. "Siku tatu inalia hovyo. Na aliyeifunga ni fundi. Tukiokolewa nitaeleza hivyo."

Fundi akainama. Cheti chake alikipata mwaka huohuo, baada ya miaka kumi na moja ya kushika spana za wengine. Neno la nahodha lingetosha kukifuta.

"Nahodha," mpishi akauliza taratibu, "kwa nini ilikuwa inalia?"

"Tutazungumza kesho, mzee."

Kesho ikaja na jua lake. Walikunywa kwa kifuniko cha chupa, chupa mbili kwa siku kwa wote watatu. Midomo ilipasuka. Fundi alichana shati lake akamfunga mjomba mbavu, na kila mjomba alipovuta pumzi, kitu kilikwaruza ndani.

Adhuhuri ilikuwa zamu ya nahodha kutazama. Aliposhtuka, meli kubwa ilikuwa imekwisha kuwapita, inawaonyesha mgongo. Alimulika kioo mpaka mkono ukafa ganzi. Haikugeuka.

"Ulilala?" fundi akauliza.

"Nililala."

Fundi hakumtukana. Hata tusi linataka mate. Mpishi ndiye aliyepapasa aproni yake akatoa kijiko cha uji, akaliweka kopo kifuani.

"Mimi maumivu hayanipi usingizi," alisema. "Nyie tazameni. Kichwa cha mtu kikiinama, napiga."

Akapiga. Ko, ko, ko. Alipiga siku hiyo nzima na iliyofuata. Wakati mmoja nahodha alifungua mdomo amwambie anyamaze, akautazama ule mguu mtupu, akafunga mdomo.

Siku ya nne botini, maji yamebaki kifuniko kimoja, fundi alikuwa amesinzia ameketi. Ko. Akainua kichwa. Mbele yake palikuwa na moshi, na chini ya moshi meli. Kioo kikamulika. Meli ikapinda, polepole, ikaja.

Huko juu waliwapa maji na mablanketi. Ofisa wa meli ile akaja na daftari.

"Nahodha ameniambia kengele ilifungwa," alisema. "Nani aliifunga?"

"Mimi," fundi akajibu.

Ofisa akaandika. Mpishi alikuwa kwenye machela, hana nguvu ya kusema, kijiko bado mkononi. Akakigonga kwenye chuma cha machela. Ko.

Nahodha akageuka.

"Usifunge daftari," alimwambia ofisa, kisha akainama kwa mpishi. "Mzee, uliniuliza kwa nini ilikuwa inalia. Maji yalikuwa yanaingia. Mpira wa kuzuia maji kwenye mhimili wa pangaboi linalosukuma meli ulikuwa umekwisha, na fundi alikuja kuniambia tusimame tuubadilishe. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu nilimjibu kesho."