Siku Mbili za Chuo

Sista Haraka alikunywa chai wima, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mumewe, fundi cherehani, alimtania kwamba hata jeneza lake atalihimiza liongeze mwendo. Sista hakucheka. Mfukoni alikuwa na barua ya kuacha kazi.

Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi, siku mbili kwa wiki. Mkuu wa hospitali alikuwa amekataa kumruhusu mara mbili. Wodi haina wauguzi wa kutosha, alisema, na muuguzi akisomeshwa huota mabawa.

Matroni, msimamizi wa wauguzi, aliisoma ile barua, akamshika Sista mkono, wakaingia kwa mkuu.

"Ulihofia akisoma ataruka, mzee," Matroni alisema. "Haya, hajasoma na anaruka."

Mkuu alivua miwani. Akauliza shahada hiyo itamfaa nini mgonjwa.

Matroni alimweleza taratibu. Wauguzi wanne walikuwa wamehamia hospitali zinazosomesha watu wao, na kila muuguzi mgeni huchukua miezi kuizoea kazi. Tena wagonjwa wasioweza kujigeuza walikuwa wakipata vidonda vya mgongo, na hakuna aliyejua kwa nini. Anayesomea uzamili hufundishwa kutafuta sababu na kuirekebisha.

Mkuu alikuna kichwa, akakubali. Siku za chuo zingepangwa ndani ya zamu na hospitali ingechangia karo. Sista naye angeahidi kwa maandishi kubaki miaka mitatu baada ya kuhitimu.

Zoezi lake la kwanza la chuo lilimrudisha wodini. Zamu zilikabidhiana wagonjwa mezani, ofisini. Wanaotoka walisema, "Kitanda cha sita, hali ni ileile," wanaoingia wakaandika. Kila zamu ilidhani nyingine imemgeuza mgonjwa.

Sista akahamishia makabidhiano kitandani. Mgongo uliangaliwa na zamu zote mbili, na saa ya kugeuza ikaandikwa. Wenzake walinung'unika kuwa msomi kawaletea gwaride.

Katika miezi mitatu kabla ya utaratibu huo, vidonda vipya vilikuwa kumi na kimoja. Katika miezi mitatu iliyofuata vilikuwa viwili.

Mkuu alikuja kujionea mwenyewe, akasimama kando ya kitanda cha sita. Babu aliyelala hapo akamgusa koti.

"Daktari, sogea kidogo, mwanangu. Unawazuia wenye kazi yao."

Mkuu akasogea. Wiki ile alibandika tangazo: kila mwaka wauguzi wawili watasomeshwa. Gundi haijakauka, majina sita yalikuwa yameshaandikwa.