Bakuli Lililoingizwa kwa Nyundo

Kila asubuhi ya likizo, baada ya kufagia uwanja na kuosha vyombo, Kemilembe alikwenda kwenye kibanda cha baba yake mdogo, Onesphory, pale Izigo, kumsaidia kutengeneza baiskeli. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na vidole vyake vilinuka grisi hata baada ya sabuni.

Wakati huo walikuwa wakiifufua baiskeli ya Kiingereza ya zamani, aliyoiacha marehemu babu. Ilibaki ekseli ya katikati tu, ile inayoshika pedeli, pamoja na mabakuli yake mawili ya chuma yanayofungwa kwenye fremu kwa hesi, ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu.

"Nenda Bukoba kwa Mama Darshana," Onesphory alimwambia, akimkabidhi bakuli kuukuu. "Linganisha hesi. Zisipolingana, usinunue."

Dukani, Mama Darshana alilisogeza lile bakuli karibu na macho, akaliweka kando ya jipya.

"Haya ya siku hizi hesi zake ni pana, mwanangu. Fremu yenu inataka nyembamba. Rudi wiki ijayo, nitakutafutia."

Kemilembe hakutaka kusubiri. Kaka yake Lameki alikuwa ameahidiwa baiskeli kesho yake, na Kemilembe alitaka kusifiwa. Akaingia duka lingine, akanunua bakuli la hesi pana.

Aliporudi, Onesphory alikuwa ametoka. Bakuli liligoma kuingia. Kemilembe akalitwanga kwa nyundo, kisha akaning'inia kwenye spana mpaka chuma kikalia na vipande vyake vikamwagika miguuni. Mwishowe likaingia.

"Zimelingana?" Onesphory aliuliza jioni.

"Zimelingana."

Asubuhi Lameki alimpakia Kemilembe nyuma, wakaenda Kemondo kununua samaki. Kwenye kilima, Lameki alisimama juu ya pedeli akakanyaga kwa nguvu zote. Bakuli likachomoka. Pedeli ikalala upande, mnyororo ukakwama, baiskeli ikamrusha Kemilembe mtaroni na Lameki katikati ya barabara, mbele ya bodaboda.

Dereva, kijana aitwaye Zahoro, alimkwepa Lameki, akaanguka na pikipiki yake. Lakini watu waliona damu usoni mwa Lameki, wala hawakuuliza. Walimburuta Zahoro wakaanza kumpiga ngumi na mateke. Mwingine akaja na gongo.

"Ameua mtoto," mtu alisema. Mwanamume mmoja akaokota jiwe.

Kemilembe alitambaa kutoka mtaroni. Alimwona Zahoro akitema damu na jino. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua habari za bakuli. Gongo liliponyanyuliwa tena, akajitupa juu ya Zahoro. Likamshukia yeye, mfupa wa bega ukavunjika.

"Waitu, tafadhali, mwacheni," alisema akihema. "Hajatugusa. Mimi ndiye nilifunga chuma kisichofaa, nikasema kinafaa. Kama ni kupiga, nipigeni mimi."

Lameki alifumbua macho. "Ni kweli," alinong'ona. "Hakunigonga."

Yule mwanamume akalitazama bakuli lililolala barabarani, hesi zake zimesagika. Akaliachia jiwe.

Hospitalini Lameki alishonwa kichwa, Kemilembe akafungwa mkono. Onesphory alipofika, Kemilembe alimweleza yote huku akilia.

Onesphory alivuta kiti akaketi karibu naye. "Kuharibu fremu ningekusamehe siku hiyohiyo, maana unajifunza," alisema. "Lakini uliponiambia zimelingana, ulimpandisha kaka yako kwenye hatari bila yeye kujua, na mtu asiye na kosa nusura auawe. Kitu kisipofaa, sema hakifai, hata kama watu wote wanakisubiri. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini kweli hiyo ndiyo imemwacha yule kijana akipumua. Nenda kamwombe radhi."

Kemilembe alisimama kando ya kitanda cha Zahoro. "Nisamehe," alisema. Zahoro alimtazama kwa jicho moja. Lingine lilikuwa limevimba na kufumba. Kisha akasogeza mguu wake taratibu, akampa nafasi ya kukaa.