Sheria ya Huertapampa Yatanguliwa

Kila asubuhi Mama Saturnina Huamaní alijitanda shali yake ya sufu, akaketi mlangoni. Kutoka pale kilimani, penye vumbi na upepo wa milima ya Peru, aliliona bonde la Huertapampa kwa mbali. Mto ulimeremeta, lakini hapakufuka moshi wa jiko hata mmoja.

"Mapichi yameiva," alisema siku moja. "Yanaliwa na ndege."

"Mama, huwezi kuyaona kutoka hapa," alijibu bintiye Eulogia, akimpa mahindi ya kuchemsha na jibini.

"Nani kasema nayaona? Nayajua."

Huertapampa ndiko alikozaliwa. Zamani baraza la wilaya lilitunga sheria: mtu yeyote asijenge wala kulala bondeni, kwa sababu bwawa la umeme lingejengwa huko. Watu wakahamishwa. Bwawa lenyewe halikujengwa. Wahandisi walifunga virago, wasirudi tena.

Kisha redio ikatangaza kwamba sheria ile imesitishwa. Zenón, mume wa Eulogia, aliruka kwa furaha.

"Imekufa! Mama mkwe, funga mzigo!"

Walishuka bondeni, wakafyatua matofali ya udongo, wakasimamisha kuta. Mama Saturnina akawasha jiko, akaimba peke yake. Zenón alikuwa juu ya paa askari wawili wa wilaya walipofika.

"Teremka, bwana. Hapa hapajengwi."

"Redio ilisema sheria imekwisha!"

"Ilisema imesitishwa hadi mwisho wa mavuno. Mavuno yamekwisha."

Mama Saturnina aliuzima moto kwa mkono wake mwenyewe. Hakulia. Lakini waliporudi kilimani, hakuketi tena mlangoni. Alilala akiutazama ukuta, na chakula akakirudisha karibu chote.

Eulogia akaogopa. Alikwenda na mumewe kwa jirani yao, wakili Delfina Ccori.

"Wakili, bwawa halipo," alisema Eulogia. "Kwa nini sheria bado ipo? Kwani haizeeki?"

"Haizeeki, dada. Hata watu wakiisahau, ipo. Mkasikia neno 'kusitisha' mkadhani ni 'kutangua', siyo?"

"Si yote mamoja?" aliuliza Zenón.

"Hata kidogo. Ukisitisha sheria, umeilaza usingizi tu. Kesho itaamshwa. Ukiirekebisha, umebadilisha baadhi ya maneno yake, lakini yenyewe inaishi. Ukiitangua, umeiondoa. Haina nguvu tena."

"Kama kutangua ndoa?" aliuliza Zenón, akimtupia mkewe jicho.

"Kama hivyo."

"Usinitazame mimi," alisema Eulogia, na Zenón akacheka.

"Na nani anaweza kuitangua?" Eulogia aliuliza.

"Aliyeitunga. Askari hawezi, wala mtangazaji wa redio. Baraza liliitunga, baraza litaitangua kwa kura. Wakiitaka tena, itabidi watunge nyingine, nanyi mtakuwa na nafasi ya kusema. Basi mkifika barazani, msiombe huruma. Ombeni itanguliwe."

Walizunguka nyumba kwa nyumba, wakawakusanya watu wa Huertapampa. Siku ya kikao ukumbi ulijaa kofia na shali. Diwani mmoja, mtu mpole, akasimama.

"Ndugu zangu, tuirekebishe. Mshuke mchana mkalime, jioni mrudi kilimani. Si mmeridhika?"

Baadhi ya watu walianza kupiga makofi. Eulogia alisimama.

"Mheshimiwa, asante. Ila mama yangu hatamani kulima tu. Anatamani kuamka kule. Sheria hii ilitungwa kwa ajili ya bwawa. Liko wapi? Hatuombi isitishwe, wala irekebishwe. Tunaomba itanguliwe."

"Itanguliwe!" ukumbi ukaitikia.

Madiwani walinong'onezana. Kisha mikono ikainuka, mmoja mmoja. Hata yule diwani mpole aliinua wake.

Eulogia alipanda kilima mbio.

"Mama! Sheria imetanguliwa!"

Mama Saturnina aligeuka kitandani. "Imetanguliwa? Na nani? Sisi ndio tuliotangulia kufika kule!"

"Siyo kutangulia, Mama. Kutangua. Wameiondoa. Haipo."

Mama aliinuka, akaketi kitandani. "Laiti Huberta naye angesikia," alisema. Huberta alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya mto, naye alizikwa kilimani. Kisha akauliza, "Shali yangu iko wapi?"

Walihamia kabla paa halijamalizika. Upande wa pili wa mto, familia nyingine nazo zilikuwa zikipanga matofali. Mama alimwita Huberta kwa sauti, mara moja tu, kama alivyozoea zamani. Akasikiliza maji yakipita. Kisha akaagiza kitanda chake kiwekwe pale pasipo na paa.

"Mama, hapo huoni baridi?" Eulogia alimuuliza, akimfunika blanketi.

"Naiona, mwanangu," alijibu, akafumba macho. "Lakini hii ni baridi ya kwetu."