Msemaji wa Pili

Mzee Felisiani alikutwa kifudifudi ndani ya kibanda chake cha bati pale ufukweni Mwigobero, saa moja asubuhi ya Alhamisi, kisogo kimepasuka. Kando yake lilikuwa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, lina damu na magamba ya dagaa. Simu yake ilikuwa bado mkononi.

Inspekta Gaudensia aliinama akaitazama ile simu kabla hata ya kuutazama uso wa marehemu. Baadaye alijilaumu kwa hilo pia.

"Simu mpya hii," alisema Koplo Fred, mtu wa Tanga aliyekaribia kustaafu. "Ile ya Oveko. Ina Toleo la Tisa."

Wiki tatu nzima mji wa Musoma haukuwa na habari nyingine. Oveko, kampuni kubwa ya ng'ambo, ilikuwa imetoa toleo jipya la programu ya simu zake, na redio zote zilitangaza kwamba sasa simu inaelewa Kiswahili. Unabonyeza kitufe, mnazungumza, yenyewe inaandika kila neno. Sauti haitunzwi ili isijaze nafasi. Yanabaki maandishi tu. Mzee Felisiani, ambaye shule aliiona kwa mbali na kusoma alijua kwa shida, aliipenda kupita kiasi. Alikuwa mwenyekiti wa waanika dagaa wa ufukwe ule, na kila aliyeingia kibandani kwake alibonyezewa kile kitufe.

Binti yake, Happyness, alikuwa amekaa mchangani akilia. Ndiye aliyejua namba ya siri. Simu ikafunguka, na Fred akasoma kwa Kiswahili chake safi cha pwani:

"Alhamisi, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Msemaji wa Kwanza: Nimeshasema, usinisumbue. Msemaji wa Pili: Mzee, nirudishie mahari yangu. Miaka tisa nimehangaika nayo. Leo umempa mtu mwingine. Msemaji wa Kwanza: Umempata wa kumlalamikia? Msemaji wa Pili: Na watoto wangu kura wapi?"

Yaliishia hapo.

"Kura?" Fred alicheka. "Kumbe na siasa imo."

Gaudensia naye alicheka. Maiti iko miguuni pake, na alicheka.

Kisha akamgeukia binti. "Happyness, pole sana mama. Umeolewa?"

"Niliolewaga Butiama. Nimerudi kwa baba mwezi wa pili sasa."

"Mumeo nani?"

"Mugeta."

"Mmekaa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mahari alitoa?"

"Ng'ombe kumi. Alikuja Jumanne kuwadai. Baba hana, aliwatoa kwa kaka yangu Abednego, naye akaolea." Happyness aliona kilichokuwa machoni pa inspekta. "Afande, Mugeta hawezagi kumpiga mtu."

Wake wote husema hivyo. Gaudensia alifunga daftari. Kesi ilikuwa imejifumua yenyewe kama mkeka mkuukuu, na alikuwa hata hajanywa chai.

Mugeta alikamatwa saa tano siku hiyohiyo katika stendi ya Bunda, akiwa na begi. Ndani ya begi mlikuwa na khanga mbili, blanketi, kikombe cha plastiki na bahasha kubwa yenye picha ya eksirei. Jina lililoandikwa juu ya bahasha lilikuwa la mwanamke. Gaudensia alilisoma, akairudisha bahasha mahali pake.

Walimhoji kituoni Musoma mchana ule.

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Butiama. Nirikuwa namgeuza mama. Hawezagi kujigeuza mwenyewe."

"Shahidi nani?"

"Si mama mwenyewe."

"Mwingine?"

"Hakuna. Tunakaaga wawiri tu."

"Bunda ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Sikimbii. Nirikuja kuchukua gari ya rafiki yangu Reonardi, nimpereke mama hospitari Mwanza. Muurize."

Leonardi aliulizwa kwa simu. Alikubali: kweli gari liliombwa, kweli lilikuwa la kumbeba mgonjwa. Gaudensia akasema mtu anayekimbia naye huhitaji gari. Koplo Fred aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaandika.

"Ulimdai mkweo ng'ombe. Kweli au uongo?"

"Kweri."

"Ulikasirika."

"Nirikasirika. Nikarudi nyumbani." Mugeta aliegemeza viganja mezani. Aliijua lafudhi ya inspekta hata ikifichwa, akahamia kwenye lugha ya kwao wote wawili. "Dada yangu, nenda ukamuulize mama. Anaongea vizuri, mwili tu ndio umekataa. Atakueleza niliamka saa ngapi. Dada, ni mwendo wa saa moja tu."

"Niite afande," alijibu Gaudensia kwa Kiswahili. "Na mama si shahidi. Mama gani atamchongea mwanawe?"

Alisema vile kwa sababu Fred alikuwa anasikiliza. Ukweli ndio huo. Miaka kumi na minne nyuma, katika chuo cha polisi Moshi, walimwita "Afande Ugari" kwa vile ulimi wake wa Butiama haukujua kutofautisha herufi mbili. Alijifungia chooni akajizoeza: kula, lala, mlango, mahali. Alipotoka pale ulimi ulikuwa umenyooka, na tangu siku hiyo hakupenda kukumbushwa ulikotoka.

Mugeta alipelekwa mahabusu. Jumatatu angesomewa shitaka la mauaji, na kesi ya mauaji haina dhamana. Kila mlango ulipofunguliwa aliuliza swali lilelile: je, kuna mtu aliyekwenda kwa mama?

Hakuna aliyekwenda. Ijumaa Gaudensia alipanga kumtuma askari, gari likakosa mafuta. Mafuta yakapatikana jioni, na jioni mkuu wa upelelezi wa mkoa alipita ofisini kumpongeza, wakanywa soda.

Jumamosi asubuhi ndipo alipokwenda Mwigobero kumalizia jalada. Lile jiwe lilimsumbua kidogo. Lilikuwa na nyuzi za bluu zilizonasa, za wavu ule wa kuanikia dagaa, na mfugaji wa Butiama asingetembea na jiwe la namna ile. Lakini labda aliliokota palepale. Gaudensia alikuwa anatafuta mtu wa kumthibitishia kwamba Mugeta aliliokota palepale.

Dagaa walikuwa wametandazwa hadi karibu na maji, na wanawake wawili walikuwa wanagombana, mmoja ameshika beseni, mwingine ameshika kiuno.

"Toa wavu wako! Toka!" alipiga kelele mwenye beseni. "Hapa ni mahari yangu!"

Gaudensia alipita. Alipiga hatua tatu. Ya nne ilimshinda.

Mahari yangu.

Yule mama hakuwa anadai ng'ombe. Alikuwa anadai mita nne za mchanga.

Alilifungua jalada palepale juani, akalitafuta lile karatasi lenye maneno ya simu, akalisoma kwa sauti ya chini. Safari hii hakulisoma kwa ulimi wa Moshi. Alilisoma kwa ulimi wa mama yake. Mtu wa pwani angesema "mahali pangu". Lakini huku nani anahangaika na pangu? Huku ni mahali yangu, mlango yangu, jina yangu. Na mwenye ulimi wa bara lile akiitamka, mahali yangu na mahari yangu ni kitu kimoja. Simu isingeweza kujua. Fred asingeweza kujua. Mtu mmoja tu katika kituo kizima angeweza kujua, naye alicheka.

Na watoto wangu kura wapi? Hapakuwa na siasa. Palikuwa na mtu anauliza watoto wake watakula wapi.

Haraka haraka haina baraka, alikuwa akiwaambia makuruta kila mwaka.

Alimwendea mama mtu mzima aliyekuwa anageuza dagaa, mtu aliyemfahamu kwa jina la Hyasinta.

"Shikamoo, mama. Mzee Felisiani kabla hajafa, alimwondoa mtu kwenye sehemu yake?"

"Marahaba. Si Nyangi? Yule mjane wa pale kwenye mwamba. Amekaaga pale miaka tisa. Mchanga safi, dagaa anakauka kwa siku moja. Mzee akampa mfanyabiashara wa Kisorya, Nyangi akasukumwa kule kwenye tope. Dagaa wake wote wakaoza."

"Sasa yuko wapi?"

Hyasinta alimshangaa. "Si kwenu kituoni? Anapelekaga chakula kwa yule kijana mliyemkamata. Anasema ni ndugu yake."

Gaudensia alikumbuka kitabu cha mahabusu. Mistari mitatu, tangu Alhamisi jioni, mwandiko wa askari wa zamu: Chakula, Nyangi, ndugu wa mtuhumiwa. Alikuwa ameweka sahihi chini yake bila kuuliza.

Alimkuta amekaa kwenye benchi la mapokezi, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, hotpoti ya ugali mapajani. Alipomwona inspekta anamjia moja kwa moja alisimama, akaiweka hotpoti chini taratibu ili isimwagike.

"Nyangi, Mugeta ni nani wako?"

"Si mtu wangu."

"Sasa unamlishia nini?"

"Ningemwacha are nini, afande? Mre ndani nirimweka mimi."

Walikwenda chumbani. Gaudensia alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote. Nyangi alisema anataka kusema. Fred alichukua kalamu. Simu zote zilizimwa.

"Eleza."

"Nirikwenda arfajiri nikamkute kabra watu hawajajaa. Nikamwomba. Nirikuwa na jiwe ra wavu mkononi, nirikuwa nahamisha vitu vyangu. Nikamwambia nirudishie mahari yangu. Akanijibu vibaya. Rakini sikumpiga kwa hiro."

"Ulimpiga kwa lipi?"

Nyangi alijifuta uso kwa upindo wa khanga. "Aribonyeza simu isimame, akasoma. Akaanza kucheka. Akanionesha. Akasema, hata simu inakucheka, Nyangi, imeandika unadai mahari. Nani akutoree mahari wewe, mjane unanuka dagaa? Akageuka mrangoni awaite wenzake waje wasome." Aliukunja ule upindo. "Afande, kuhamishwa ningevumiria. Mungu angenipa pengine. Rakini ariponigeuzia kisogo anacheka, mkono urikwenda wenyewe."

"Kisha ukaondoka."

"Nikaenda kuanika. Nirianika mpaka mripokuja."

"Tulipomkamata Mugeta ulijua hana kosa. Kwa nini hukusema?"

"Watoto wangu watatu. Kira siku nirisema kesho nitasema. Nikipika asubuhi nasema, nikifika nitasema. Nikifika, naacha chakura naondoka." Alimtazama Gaudensia usoni kwa mara ya kwanza. "Na nyinyi mriamini upesi sana. Nirisubiri mniurize. Hamkuniuriza."

Kalamu ya Fred ilisimama. Gaudensia alimwambia aandike na hilo pia.

Nyangi aliweka dole gumba chini ya maelezo yake, akapelekwa upande wa wanawake. Aliuliza kama anaweza kwanza kumpelekea kijana ile hotpoti, ugali usipoe.

Walitoka koridoni. Fred aliwasha simu yake, ikalia mara mbili. Aliisoma ya kwanza, akakunja midomo. "Oveko wametoa toleo jingine leo, afande. Wanasema wamerekebisha hitilafu ndogondogo."

Gaudensia alilifunga jalada.

Fred alisoma ya pili, na hakuisoma kwa sauti. Alimpa tu ile simu. Ilikuwa ya mtendaji wa kijiji cha kina Mugeta kule Butiama. Mama yake alikuwa amefariki saa mbili asubuhi, habari za mwanawe kukamatwa zikiwa zimemfikia tangu jana. Majirani walikuwa wanauliza kama polisi watamruhusu mwanawe kuzika.

Saa mbili asubuhi Gaudensia alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Nitamwambia mimi, afande," alisema Fred kwa upole. "Wewe umechoka."

"Hapana. Nipe funguo."

Aliufungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Mugeta alikuwa amekaa ukutani. Alisimama haraka, akamtazama mikononi kuona kama ameshika pingu, akaona hakushika.

"Mwenye kosa amepatikana," alisema Gaudensia. "Uko huru."

Mugeta aliziba uso kwa viganja, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alianza kutafuta viatu vyake. "Saa ngapi saa hizi? Saa tano? Reonardi bado ana gari. Tukitoka sasa hivi, saa kumi tuko Mwanza. Begi rangu riko wapi, afande? Ire eksirei wataitaka."

"Mugeta. Kaa kwanza."

Aliyasema kwa lugha ya kwao. Mugeta aliacha viatu. Alimtazama muda mrefu, na kicheko kilimtoka usoni polepole mpaka kikaisha.

"Mama amefariki leo asubuhi," alisema Gaudensia. "Ulinituma kwake, sikwenda. Si gari, si mafuta. Ni mimi sikwenda."

Mugeta hakulia. Alikaa chini kwenye saruji, akanyoosha miguu yake isiyo na viatu. Nje askari wa zamu alikuwa anaandikisha mtu jina.

"Aliambiwa niko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Aliambiwa."

"Aliambiwa nimeua?"

Miaka kumi na minne Gaudensia alikuwa anawauliza watu maswali akiwataka wajibu ndiyo au hapana, bila kuzunguka. Alipiga goti, akainama ili macho yao yalingane.

"Ndiyo," alisema.