Upande wa Nyuma wa Kadi

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, Mwihaki alifagia uwanja, akanywa chai kwa mkate, kisha akafuatana na mama yake hadi kazini. Mama Mwihaki alikuwa karani katika kampuni ya Dakta Gakuru ya kutibu mifugo, pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, nayo ilinuka dawa ya kupe hata ukiingia umeziba pua.

Mwaka huo kampuni ilikuwa ikiachana na karatasi. Kila ng'ombe aliyewahi kutibiwa alikuwa na kadi yake, na kadi hizo zilijaza makabati mazima. Mvua iliponyesha, paa lilivuja juu yake, na panya nao hawakuwa na adabu. Sasa Dakta alitaka kila kadi ipitishwe kwenye skana na kuhifadhiwa katika kompyuta, ili akiwa bomani kwa mteja aweze kuifungua kwenye simu. Mwihaki, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye vidole vyepesi, ndiye aliyepewa kazi ya kuskani.

"Kila kadi ina pande mbili," mama yake alimweleza siku ya kwanza. "Mbele kuna jina la mwenye ng'ombe, namba ya hereni ya sikioni, na matibabu. Nyuma Dakta huandika kwa kalamu nyekundu mambo ya kujihadhari. Skani mbele, geuza, skani nyuma. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Alianza vizuri sana. Tatizo ni kwamba kadi nyingi zilikuwa nyeupe pe upande wa nyuma. Aligeuza hii, tupu. Akageuza ile, tupu. Na wakati huo huo rafiki yake Makena alikuwa amenunuliwa baiskeli, na kila alasiri wasichana wa mtaa wao walipokezana kuiendesha. Mwihaki alikaa mbele ya skana akiwawazia wenzake tu. Mwishowe akajiambia kwamba hakuna haja ya kuskani karatasi tupu, akaacha kugeuza.

Kazi ikaenda mbio. Siku alipomaliza, mama yake alishangaa.

"Umegeuza zote?"

"Zote, mama," Mwihaki alijibu huku akifunga kamba za viatu, macho yake chini.

Mama alimwamini. Akazitia kadi kwenye magunia na kuyapeleka stoo, yasubiri siku ya kuchomwa. Mwihaki alijisikia vibaya kidogo, lakini alipopanda baiskeli ya Makena akasahau kabisa.

Wiki iliyofuata, alikuwa ofisini akipanga chupa za dawa kwenye rafu simu ilipolia. Mama yake aliiweka mezani kwa sauti ya juu, maana mikono yake ilikuwa kazini.

"Mama Mwihaki, niko hapa Kisaju kwa Mzee Kisemei," Dakta alisema. "Ng'ombe wake ana ugonjwa wa kiwele. Nataka kumdunga penisilini. Mzee alimnunua juzi tu kutoka kwa mteja wetu mwingine, hajui alishawahi kutibiwa nini. Kwa simu naona kadi upande wa mbele. Wa nyuma sioni kitu. Ulikuwa tupu?"

"Kama hauonekani, basi ulikuwa tupu, Dakta. Mtoto aligeuza zote."

Sauti ya mzee ikasikika kwa nyuma. "Daktari, fanya haraka. Niko na huyu Nado mmoja tu wa kukamua. Maziwa ya watoto ni yake."

Mwihaki alisimama na chupa mkononi. Huenda ile kadi ilikuwa tupu kweli, kama nyingine nyingi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini kama haikuwa tupu je? Alimwogopa mama yake, akamwogopa Dakta, ila alimwogopea zaidi yule ng'ombe ambaye hakuwahi hata kumwona.

"Mama, mwambie angoje!" alipayuka. "Sikugeuza. Nilikudanganya."

Mama alimtazama. Kisha akainamia simu. "Dakta, weka sindano chini kwanza. Usimdunge. Nisomee namba ya hereni."

Walikimbia stoo, wakamwaga gunia la kwanza sakafuni. Kadi zilikuwa zimechanganyika ovyo, na vumbi likawafanya wakohoe. Machozi yalianza kumlengalenga Mwihaki.

"Tafuta," mama alisema kwa ukali. "Kulia utalia baadaye."

Waliipata katika gunia la pili. Mwihaki aliigeuza. Maandishi mekundu yalikuwa yamejaa: *Asidungwe penisilini tena. Alivimba kichwa, akakosa pumzi, nusura afe.*

Mama aliyasoma maneno hayo kwenye simu. "Haya," Dakta akasema. "Niko na dawa nyingine kwa gari."

Kesho yake, Dakta alimchukua Mwihaki hadi Kisaju. Msichana aliinamisha kichwa mbele ya Mzee Kisemei, kama watoto wa huko wanavyoamkia wazee, na mzee akamgusa utosini. Kisha Mwihaki akaeleza yote mwenyewe.

"Kumbe ni wewe," mzee alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nimemshika kamba, adungwe." Akatikisa kichwa. "Hiyo haikuwa vizuri, msichana. Lakini ulisema kabla. Angalia, Nado anakula."

Ng'ombe mwekundu alikuwa akitafuna majani bila habari na mtu. Hapo Mwihaki akalia kweli.

Siku zilizobaki za likizo alizitumia kuskani kadi zote upya. Makena alipita na baiskeli akipiga kengele, lakini Mwihaki hakutoka. Jioni moja mama yake alifunga droo na kuuliza lile swali la siku ile.

"Umegeuza zote?"

"Hapana, mama. Kuna gunia moja bado."

Dakta, aliyekuwa akiosha gambuti zake mlangoni, aliinua uso. "Hilo ndilo jibu," alisema. "Kompyuta ni nzuri, Mwihaki, lakini haijui ulichoruka. Mimi nikiwa huko bomani nasoma tu kile ulichoniwekea, na ninakuamini. Kama kazi haijaisha, sema haijaisha. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajashika sindano."

"Nimesikia, Dakta."

Akachukua kadi nyingine, akaiskani mbele, akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu. Akaiskani hivyo hivyo.