Kichakataji Kilichoitikia Shikamoo

Jichopenya, mashine ya kuona ndani ya vitu, liliinama juu ya kichakataji, likakitazama tabaka kwa tabaka bila kukigusa, mpaka nyaya zake, nyembamba kuliko utando wa buibui, zikajichora zote hewani. Mhandisi Tusekile alipiga miayo. Kutwa nzima, katika kituo cha ukaguzi cha Mbeya, alikuwa akiwavunja watu moyo: vichakataji walivyonunua mtandaoni vilikuwa vibovu vilivyochapwa nembo upya, vingine kasha tupu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinatembea kwa kasi ya mwanga.

Hiki, ajabu, kilikuwa halisi.

"Ni chenyewe, kaka Ambokile," alisema.

Ambokile, fundi bomba wa Uyole mwenye mvi za kwanza, alishusha pumzi. Kando yake mama yake alikunja na kukunjua upindo wa khanga, akiwatazama wote kwa adabu ya mgeni. Kichakataji kilikuwa cha kikumbushi chake, kidude cha sikioni kinachowanong'oneza wazee waliopotewa na kumbukumbu: huyu ni fulani, mjibu hivi. Cha kwanza kiliungua, na kiwanda kilishaacha kuvitengeneza. Tangu hapo mama alimwita mwanawe "wewe baba," kama anavyomwita mpita njia yeyote.

"Limebaki jaribio moja," Tusekile alisema. Halikuwamo katika mwongozo; alilibuni mwenyewe. Alikiunganisha kichakataji na spika, akakiinamia. "Shikamoo."

Kipya hunyamaza, kwa kuwa hakijamjua mtu. Spika ikakwaruza, kisha ikanong'ona: "Huyu ni Rwekaza, mwanao. Mwitikie. Muulize kama amekula."

Tusekile alifumba macho. Kilikuwa kimetolewa katika sikio la mtu. Waliokisafisha huko ughaibuni walifuta nyuso, tarehe na anwani. Hawakujua kwamba kwetu mtu huanzia kwenye salamu, nayo salamu wakaiacha.

"Mbona kimekuita wewe Rwekaza?" Ambokile aliuliza.

"Mwenyewe wa kwanza hakuwa na mwingine wa kumwamkia, kaka. Shikamoo zote alizozisikia zilikuwa za mtu mmoja."

"Basi kifute."

"Tabaka hilo ni kama saruji. Likishakauka haliandikwi tena, na ukilivunja umekiua chote. Kila atakayemwamkia mama, kitasema ni Rwekaza." Sauti yake ilikuwa imechoka, na huruma iliyomjia ilimchosha zaidi. "Sheria inataka vilivyokwisha kutumika visagwe. Nikisema bandia, kinasagwa, nawe utaendelea kutafuta."

"Nimetafuta mpaka basi, dada."

Ambokile alimgeukia mama yake. Mama akamtabasamulia, kama mtu anavyomtabasamulia aliyempisha mlangoni.

"Huyo Rwekaza," Ambokile aliuliza polepole, "alikuwa akija kumwona mama yake?"

"Inaonekana hakuwa akikosa."

"Basi si jina baya. Nitaitika."

Mbele ya Tusekile kulikuwa na vitufe viwili tu, halisi na bandia, na hakuna hata kimoja kilichosema kweli yote. Alibonyeza halisi. Alijua amekosea, na alijua pia kwamba kesho angekosea vilevile. Akakipachika kichakataji kwenye kikumbushi, akamvisha mama sikioni.

Ambokile alichuchumaa mbele ya kiti. "Shikamoo, mama."

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza. Kisha uso wake ukafunguka, mikono ikaiacha khanga na kumshika mashavu.

"Marahaba, Rwekaza! Mwanangu! Umekula?"

Tusekile aligeuka, akajifanya anafuta vumbi kwenye jichopenya. Mahali fulani, kama bado yu hai, yupo Rwekaza ambaye hana tena wa kumuuliza hivyo.

"Nimekula, mama," Ambokile alijibu, ingawa walikuwa wameshinda pamoja kwenye foleni tangu asubuhi na hakuna kati yao aliyetia kitu kinywani.